Maziwa ya Mamalia Wenye Mfuko: Maswali na Majibu

Mfano wetu mkuu ni walabi wa tamari, jamii ya kangaruu wadogo wa kusini mwa Australia. Maziwa yake yamechunguzwa kwa miaka mingi, kwa hiyo ukimwelewa yeye, wengine hawatakusumbua.

Swali la 1: Kwa nini walabi hutegemea maziwa kuliko ng'ombe?

Jibu: Kwa sababu mtoto huzaliwa mapema mno. Mimba hukua kwa siku 26 au 27 tu, kisha hutoka kitoto cha takriban gramu 0.4, uzito wa punje ya mahindi. Hakina manyoya, macho yamefumba, miguu ya nyuma ni vinundu. Mikono peke yake ndiyo yenye nguvu, nayo hukipandisha kwenye manyoya ya mama mpaka mfukoni. Ndama hujengwa kwa sehemu kubwa na kondo la nyuma; kitoto cha walabi hujengwa na chuchu. Usiandike kwamba walabi hana kondo. Analo, ila hufanya kazi kwa muda mfupi.

Swali la 2: Eleza hatua za mabadiliko ya maziwa hayo.

Jibu: Kwa takriban siku 100 za mwanzo kitoto hakiachii chuchu hata kidogo, kwani ncha yake huvimba ndani ya mdomo. Maziwa ya wakati huu ni mepesi, yana mafuta machache na sukari zilizoungana kwa minyororo. Minyororo hiyo ina faida: sukari nyingi huweza kukaa kwenye maziwa bila kuvuta maji kupita kiasi.

Kuanzia hapo hadi siku ya 200 hivi kitoto huachia chuchu na kuirudia, kikiwa bado mfukoni. Aina za protini hubadilika, na zile zenye salfa nyingi huongezeka wakati ngozi inajiandaa kuotesha manyoya. Jambo hili linastahili kukaririwa, maana linaonyesha wazi kwamba maziwa hufuata ratiba ya mwili unaojengwa.

Baadaye mtoto hutoa kichwa nje, huonja majani, kisha hutoka. Sasa ajipatie joto mwenyewe. Maziwa huwa mengi na mazito, mafuta na protini hupanda, sukari hushuka. Ukikausha gramu 100 za maziwa ya mwanzo hubaki takriban gramu 12. Za mwisho hubaki karibu 40.

Swali la 3: Je, hili ndilo jambo la dang'a?

Jibu: Hapana. Dang'a ya ng'ombe humpa ndama kinga kwa siku chache, kisha maziwa hutulia. Ya walabi hubadilika kwa miezi 10 au zaidi.

Swali la 4: Nani huamua maziwa yabadilike, mama au mtoto?

Jibu: Mama. Hapa ndipo jibu linaloonekana rahisi hupotosha, kwani ni kawaida kudhani kwamba mtoto akikua ndiye huyabadilisha kwa kunyonya zaidi. Watafiti walihamisha vitoto vya takriban siku 60 na kuvipa mama walezi ambao unyonyeshaji wao ulikuwa umefika mbali zaidi. Maziwa hayakurudi nyuma kumfuata mgeni mdogo. Yaliendelea na ratiba yake, na vitoto vile vikakua haraka na kunenepa kuliko wenzao. Kunyonya hufanya maziwa yaendelee kutoka, lakini tezi ya mama ndiyo inayoshika kalenda.

Swali la 5: Kangaruu mwekundu anawezaje kunyonyesha watoto wawili wa umri tofauti?

Jibu: Mfukoni mna chuchu 4, na kila tezi hufuata kalenda yake. Mtoto mkubwa akishatoka mfukoni, mwingine huzaliwa na kushika chuchu ndogo. Hapo jirani ipo chuchu ya mkubwa, ndefu na iliyovutika. Mkubwa husimama nje, huingiza kichwa mfukoni na kunyonya maziwa mazito, huku mdogo wake, aliye karibu na shavu lake, akinyonya yale mepesi. Damu ni moja na homoni ni zilezile, lakini tezi huzipokea tofauti: ile ya mdogo huitikia hata kiasi kidogo cha homoni inayosukuma maziwa, ile ya mkubwa hungoja kiasi kikubwa. Ndiyo maana mdogo hupata tone lake bila ya mkubwa kumiminikiwa.