Anza na Kuanguka, Mdogo Wangu

Likizo ikifika, maswali huwa ni yale yale: dada, nataka kujifunza kuteleza kwa viatu vya magurudumu, ninunue vya aina gani? Na wanaouliza si watoto peke yao. Yupo mama wa watoto wawili anayetaka kujua kama umri umempita. (Haujampita, mama. Goti linalokunjika halina cheti cha kuzaliwa.) Yupo msichana wa chuo ambaye Jumapili, magari yakipungua katikati ya Nairobi, huenda kuwatazama wenzake wakiteleza Aga Khan Walk na kwenye maegesho ya karibu, na kazi yake imebaki kuwashikia mikoba. Wote mmeanza na viatu. Mimi naanza na mikono.

Mtu akianguka hutanguliza viganja. Hapangi kufanya hivyo, mwili unajiamulia wenyewe. Uzito wote unatua juu ya kiganja kilichokunjwa nyuma, na mfupa wa upande wa kidole gumba unavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mwaka 1996 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kuhusu watu waliofika vyumba vya dharura vya hospitali za Marekani baada ya kuumia wakiteleza kwa viatu vya magurudumu ya mstari mmoja. Karibu theluthi yao walikuwa wameumia vifundo vya mikono. Na asiyevaa kinga ya hapo alionekana kuwa na hatari ya kuumia hapo mara kumi hivi zaidi ya aliyevaa.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kinga. Viatu unaweza kukodi kwa saa, hata kuazima kwa binamu, na ukigundua baada ya wiki mbili kwamba mchezo haukufai, hujapoteza kitu. Kinga ya mkono ninayoitaka ina kipande kigumu cha plastiki upande wa kiganja, kimepinda kidogo, ili mkono ukigusa chini uteleze badala ya kunasa. Ibonyeze dukani. Ikiwa inakunjika kirahisi kama soksi, irudishe. Glavu za fundi zitakuokoa ngozi, mfupa hazitauokoa. Ongeza kinga za magoti zenye ganda gumu, na za viwiko.

Helmeti nayo si hiari. Nimewaona watu na helmeti ya bodaboda, nimewaona na kofia ya mjengo. Ya bodaboda ni nzito kwa shingo ya mtu anayejifunza na inakuziba masikio. Ya mjengo imetengenezwa kwa ajili ya tofali linalotoka juu, si kwa kisogo kinachokwenda chini. Tafuta helmeti ya baiskeli, igeuze, usome kibandiko cha ndani. Ukiona EN 1078, hicho ni kipimo cha Ulaya cha helmeti za waendesha baiskeli pamoja na wanaoteleza kwa magurudumu, kwa hiyo moja inatosha kwa michezo yote miwili. Ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja, hata kama haina ufa, istaafishe: povu la ndani limeshabonyea na halirudi.

Sasa tuzungumze wenyewe kwa wenyewe, dada zangu. Helmeti inatakiwa ikae vidole viwili juu ya nyusi, iwe sawasawa, mkanda ubane chini ya kidevu. Ukiwa umesuka na umefunga fundo utosini, haitakaa. Itapanda juu na kuacha paji la uso wazi. Fungua fundo, nywele zishuke hadi shingoni. Na ukisuka upya, pima helmeti upya, maana rasta nene na nywele fupi havitumii kipimo kimoja. Wa hijabu, vaa ile ya kuvuta isiyohitaji pini, kwa sababu pini chini ya helmeti ni kujitafutia mshono wa kichwa. Buibui na sketi ndefu ziishie juu ya kiatu au zikunjwe ndani ya vazi jingine, kwani upindo ukiingia kwenye gurudumu hakuna utakachofanya tena.

Viatu, basi, maana najua mnavingoja. Kuna vya magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, na kuna vya mstari mmoja. Vya manne vinakupa utulivu wa kushoto na kulia, ila ni vifupi, na kijiwe kidogo kikiingia mbele vinasimama ghafla. Vya mstari ni virefu zaidi na vinavuka nyufa vizuri, ila vifundo vya miguu vitafanya kazi wiki za kwanza. Kwa lami zetu hizi, mimi ningekushauri vya mstari. Kama una uwanja laini wa mpira wa kikapu karibu na nyumbani, chukua vya manne ufurahi. Magurudumu huandikwa ugumu wake kwa nambari na herufi A. Yenye 78A hivi ni laini na yanameza mtikisiko wa nje. Yanayokaribia 100A ni ya ukumbini, na barabarani yatakutetemesha hadi meno.

Mitumbani, Gikomba au Kongowea, viatu vizuri vinapatikana, lakini usilipe kabla ya kuvichunguza. Plastiki ya zamani huoza kimyakimya: kwa macho iko imara, ukibonyeza karibu na kisigino inapasuka. Bonyeza kote. Zungusha kila gurudumu kwa kidole usikilize. Likikwaruza, beringi zimeingia mchanga au kutu, na hizo hubadilishwa. Gurudumu ambalo ukucha unazama ndani yake au linalomomonyoka, liache. Tazama mpira wa breki kama bado upo, na kama skrubu yake haizunguki bure. Kisha vaa, simama, kunja magoti: vidole viguse mbele ukiwa wima, vivutike kidogo ukikunja. Mama wa watoto wawili, naomba usimnunulie mtoto saizi mbili juu ili "akue navyo". Mguu unaocheza ndani ya kiatu cha magurudumu ndio unaoteguka.

Kamba zibane sana kwenye kifundo, zilegee kidogo vidoleni.

Sasa mahali. Kabro haifai kwa mwanzo, hata kama maegesho ya mtaani kwenu ni ya kabro na yanapendeza kwenye picha. Kila ungio ni kigingi kidogo. Terazo ya veranda ikilowa, usiikaribie. Lami iliyonyunyiziwa kokoto itakuchosha kabla hujajifunza lolote. Uwanja wa kikapu wa shule wakati wa likizo ndio wenyewe, na mlinzi ukimwamkia vizuri na kumwonyesha helmeti, mara nyingi anaelewa. Kabla hujavaa, laza chupa ya maji chini uiachie. Ikibiringika, hapo pana mteremko ambao macho hayakuuona, na miguu itauona. Kisha fagia. Nasema kweli, beba ufagio. Kijiwe cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hawakuwa wamevaa magurudumu.

Somo la kwanza halifanyiki na viatu. Vaa kinga zote, simama kwenye zulia au nyasi, kunja magoti na ushuke: magoti yaguse kwanza, kisha viganja viteleze mbele, vidole umeviinua. Rudia mpaka uchoke. Unaufundisha mwili njia nyingine ya kwenda chini, kwa sababu siku yenyewe hautakuuliza. Ukishamaliza kushuka, kunja ngumi, maana magurudumu ya mwenzako hayachagui vidole.

Kuanguka kinyumenyume ndiko kubaya. Huko hakuna ganda gumu. Kuna kifandugu, na kuna kisogo. Na huanguka hivyo anayesimama wima kwa woga. Akinyoosha magoti, uzito unarudi visiginoni, magurudumu yanakwenda mbele, mwili unabaki nyuma. Hapo wengi hurusha mikono hewani. Wewe fanya kinyume: kunja magoti na ushike magoti yako kwa mikono miwili. Mara nyingi hilo peke yake linakurudisha. Ikishindikana, geukia upande mmoja utue kwa tako, kidevu kifuani.

Kuinuka pia kuna adabu yake. Piga magoti yote mawili, inua moja, kanyaga kwa magurudumu yote, weka mikono juu ya goti hilo ujisukume. Usimvute aliyekuja kukusaidia, mtaanguka wawili.

Ndipo uvae viatu, bado kwenye nyasi. Shuka kama mtu aliyetaka kuketi kwenye kigoda kifupi akaghairi katikati. Muundi usukume ulimi wa kiatu, mabega yawe mbele kidogo, macho yatazame mbali. Usitazame miguu, kichwa ni kizito, kikiinama mwili unakifuata. Visigino vikaribiane, vidole vitazame nje, upige hatua fupi za kuinua na kuweka bila kusukuma. Kwenye nyasi utatembea tu. Ukihamia uwanjani, hatua hizo hizo zitaanza kukupeleka zenyewe, na utapiga kelele, wote hupiga. Baadaye utajifunza kusimama juu ya mguu mmoja unapoteleza: pua, goti na kidole gumba cha mguu vikae mstari mmoja. Hilo ukilipata, mengine ni mazoezi.

Lakini kabla ya mwendo, breki. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1760 Joseph Merlin, fundi mzaliwa wa Huy, Ubelgiji ya leo, aliingia kwenye dansi la matajiri jijini London juu ya viatu vya magurudumu alivyovitengeneza mwenyewe, huku akipiga fidla. Viatu havikuwa na namna ya kukata kona wala ya kusimama. Akaenda moja kwa moja kwenye kioo kikubwa cha thamani, akavunja kioo, akavunja fidla, akajiumiza. Ilipofika 1863 ndipo Mmarekani James Plimpton akatengeneza vya magurudumu manne vinavyogeuka mtu akiegemea upande. Wote ninaowaona wakiumia maegeshoni bado ni akina Merlin: wanajua kwenda.

Njia ya kwanza ni kutanua miguu kuliko mabega, kukunja magoti, kisha kuingiza vidole ndani na kusukuma visigino nje. Inafaa ukiwa polepole. Ya pili ni breki yenyewe. Viatu vya mstari huwa nayo nyuma, kwa kawaida mguu wa kulia: sogeza mguu huo mbele, shuka, inua vidole mpaka mpira ukwaruze chini. Vya manne wanaiweka mbele, na kosa la kila mtu ni kujaribu kuisimamia kwa vidole, akaenda kwa pua. Mguu wenye breki ubaki nyuma, uburute mpira taratibu, uzito wako ukiwa mguu wa mbele. Ya tatu haina heshima lakini naipenda: geukia nyasi ukimbie hatua chache. Chora mstari wa chaki chini, njoo kwa mwendo wako wa kawaida, usimame kabla ya mstari. Mpaka uweze hilo kila mara, barabara na matuta yake, bodaboda na wateja wake, havikuhusu. Kushika matatu kwa nyuma hata usiniandikie.

Nina jambo moja la hospitali. Ukianguka na kifundo cha mkono kikavimba, kisikandwe. Najua kila mtaa una mzee anayesifika kwa kunyoosha mifupa, na mafuta yake yana harufu nzuri, lakini mfupa uliovunjika ukikandwa unasogea. Weka barafu iliyofungwa kitambaani, funga mkono usitikisike, nenda ukapigwe eksirei. Hasa ukibonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba na pakauma: kuna mfupa mdogo hapo ambao ufa wake pengine hauonekani kwenye picha ya kwanza. Ukirudishwa nyumbani na maumivu yakaendelea, rudi. Na aliyejigonga kichwa akaanza kutapika, kusinzia ovyo au kuuliza swali lile lile, hapelekwi nyumbani kulala. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Mmeniuliza pia kuhusu wakufunzi wa maegeshoni. Wapo wazuri sana, vijana wenye subira kuliko mimi. Mwangalie kabla ya kulipa. Akimshika mwanafunzi mikono yote miwili na kumvuta saa nzima, anamtembeza, hamfundishi. Mwulize somo la kuanguka ni lini. Akicheka, tafuta mwingine.