Mbona Simu Yako Inakuonyesha Mikopo Tu?

Umetafuta "mkopo wa haraka" kwenye Google mara moja tu. Tangu siku hiyo, ukifungua Facebook ni mikopo, ukiingia YouTube ni mikopo. Mwenzako, mwenye simu kama yako, anaonyeshwa mbegu na chakula cha ng'ombe. Si uchawi. Hebu tuone mambo yanavyoenda.

Kila unachotafuta, unachobonyeza na unachotazama kwa muda mrefu huwekwa kwenye kumbukumbu. Kompyuta za kampuni hizo hukisia utabonyeza nini tena, kisha hukuwekea hicho mbele. Desemba 2009, Google ilianza kupanga majibu ya kila mtu kivyake, hata kwa wasioingia kwenye akaunti.

Shida iko wapi? Tangazo la kwanza limechaguliwa kwa sababu kuna aliyelipia na wewe unaonekana utabonyeza. Halijachaguliwa kwa sababu ni nafuu. Ukiona mikopo ya aina moja kila siku, utadhani hakuna njia nyingine.

Tufanye hesabu. Tuseme umeomba shilingi 5,000, ukapokea 4,500, na baada ya siku 30 unalipa 5,000. Gharama ni 500, yaani kama asilimia 11 kwa mwezi mmoja. Sacco inayotoza asilimia 12 kwa mwaka ingekutoza kama shilingi 45 kwa hizo 4,500, mwezi huo huo. Lakini sacco yako huenda haijalipia tangazo, kwa hivyo simu haikuonyeshi.

Ufanye nini?

1. Bonyeza vitone vitatu vilivyo kando ya tangazo. Mara nyingi utaona kwa nini umeonyeshwa, na unaweza kulificha.

2. Futa historia yako ya utafutaji mara kwa mara.

3. Badilisha swali. Badala ya "mkopo wa haraka", andika "riba ya mkopo wa sacco". Uliza pia kwenye chama chako.

4. Kabla ya kukopa kwa simu, angalia kama kampuni hiyo iko kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, katika tovuti ya Benki Kuu ya Kenya.

5. Jua haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa vipi, na haki ya kupinga matumizi hayo. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Hata sisi tukikutumia ofa, ilinganishe na nyingine kwanza. Pesa ni zako.

Zoezi la leo: wewe na rafiki yako andikeni "mkopo" kwenye simu zenu kwa wakati mmoja, kisha mlinganishe mlichoonyeshwa. Mmeona tofauti?