Maswali na Majibu: Risasi Inapogoma

Haya ndiyo maswali ninayowauliza makuruti wanaonijia hapa Membley, Ruiru, jioni, wiki ya mtihani wa silaha. Wengi wanajua kufungua na kufunga bunduki macho yamefumbwa, ila hawajawahi kuitazama risasi nyuma. Mimi huanzia huko.

Swali la 1. Fataki ni nini?

Geuza ganda la risasi kitako juu. Kile kikombe kidogo cha shaba kilichozama katikati ndicho fataki. Ndani yake mna dawa inayowaka ikibanwa kwa ghafla. Pini ya bunduki inapokigonga, dawa inabanwa kati ya kikombe na fuawe, cheche zinapita tunduni, baruti inawaka. Fataki ya Boxer ina fuawe yake ndani na ganda lina tundu moja. Ya Berdan fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe, na matundu kwa kawaida ni mawili. Zote mbili ni za miaka ya 1860. Watahini wanalipenda swali hili kwa sababu Boxer alikuwa Mwingereza na fataki yake ndiyo iliyotawala Marekani, hali ya Berdan, Mmarekani, ikaenea Ulaya na Urusi.

Swali la 2. Umevuta traiga, umesikia "ta", risasi haikutoka. Utafanya nini?

Hutafanya kitu. Mtutu ubaki unaelekea shabaha, kidole kitoke kwenye traiga, uhesabu sekunde 30 bila kuruka namba. Fataki mbovu huweza kuwaka polepole, na mlio ukaja wewe umeshageuka kumwita afande. Ukimaliza kuhesabu, toa magazini, weka uso mbali, vuta bolti, uache risasi ianguke chini. Usiidake. Ndani ya chemba ganda limeshikwa na chuma pande zote. Likilipukia kiganjani, hakuna kinachozuia vipande vya shaba.

Mtu akikuuliza mbona vitani askari hupiga magazini, akavuta bolti na kuendelea papo hapo, mjibu kwamba huyo anapigwa risasi. Wewe uko uwanjani.

Swali la 3. Fataki ya risasi iliyogoma inakuambia nini?

Hapa ndipo alama nyingi zilipo, na ndipo makuruti wanapoanguka kwa kukimbilia kusema "risasi ni mbovu". Ishike risasi ile kwenye mwanga, mtutu wa mwenzako usiwe karibu, utazame.

Hakuna alama yoyote: pini haikufika. Huenda imevunjika, au nyundo haikushuka.

Alama ipo lakini ni ya juujuu, kama ya ukucha: pini imefika bila nguvu. Springi ya nyundo imechoka, au bolti haikufunga sawasawa, au njia ya pini imejaa uchafu. Huku kwetu hili la tatu ndilo la kwanza kulishuku. Vumbi la murram likikutana na mafuta mengi hugeuka uji mzito, na pini inapita humo kama mtu anayetembea kwenye tope. Kabla ya kubadilisha springi, safisha, kausha, jaribu tena.

Alama ni ya kina, iko katikati, na bado risasi imegoma: sasa ndiyo una haki ya kuilaumu risasi. Unyevu umeingia, mafuta yamepenya, au fataki ilikaa vibaya tangu kiwandani.

Alama iko pembeni: peleka bunduki kwa fundi wa silaha, usiipige tena.

Swali la 4. Na fataki iliyotoboka?

Gesi ya moto imerudi nyuma kupitia tundu hilo. Inaila ncha ya pini na inaweza kumfikia mpigaji machoni. Simamisha zoezi. Fataki iliyobapa hadi kujaza kitundu chake ni dalili ya shinikizo kubwa mno, ingawa peke yake si ushahidi kamili.

Swali la 5. Risasi inawezaje kutoka bila mtu kugusa traiga?

Katika AK, SKS na bunduki za jamii ya AR-15, pini kwa kawaida haina springi ya kuirudisha. Bolti inapojifunga kwa kishindo, pini inateleza na kuigusa fataki kidogo. Ndiyo maana risasi iliyoingizwa chemba na kutolewa huwa na kidoa kidogo, si kosa. Hatari ni fataki iliyochomoza juu ya kitako cha ganda, au pini iliyoganda mbele kwa grisi ya stoo. G3, ambayo wengi wenu mtaishika, ina springi ya pini.

Kuingiza na kutoa risasi moja mara nyingi kuna hatari nyingine. Nilipata kukagua kituo kimoja cha walinzi wenye silaha. Risasi ya juu kwenye magazini ilikuwa ileile, asubuhi inaingizwa, jioni inatolewa, kwa miezi. Ukingo wa ganda ulikuwa umechubuka na kichwa cha risasi kimesukumwa ndani. Kichwa kikizama hivyo, shinikizo hupanda. Zungusha risasi zako. Nilisema siku ile kwa ukali na sijutii.

Swali la 6. Risasi zetu hutoka wapi, na kwa nini mtahini anauliza?

Kenya hutengeneza risasi Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation. Kiwanda cha bunduki kiko hapa Ruiru. Rais Uhuru Kenyatta alikifungua Aprili 2021, kikitajwa kuweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Mtahini anataka useme kwamba kila kasha lina namba ya fungu la kiwandani. Risasi tatu zikigoma kutoka fungu moja, kwenye bunduki tatu tofauti, kasoro haiko kwenye bunduki.

Swali la 7. Andika ripoti ya risasi iliyogoma.

Tarehe, aina na namba ya bunduki, namba ya fungu, hali ya hewa, alama iliyoonekana kwenye fataki, ulisubiri muda gani. Risasi yenyewe inakabidhiwa mtunza ghala kwa sahihi. Haitupwi shimoni, haiwekwi mfukoni, na haipelekwi nyumbani kuonyesha watoto.