Kumlinda Ng'ombe wa Maziwa Siku za Kuzaa

Ng'ombe hubeba mimba kwa takribani siku 280, lakini hatari kubwa kwa afya yake huwa katika wiki 3 kabla ya kuzaa na wiki 3 baada yake. Wakati huo ndama na maziwa hudai lishe nyingi, ilhali hamu ya kula hupungua. Mwili huyeyusha mafuta yake, kalsiamu hushuka katika damu, na chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu hudhoofika. Ndiyo maana ugonjwa wa kiwele na kubaki kwa kondo la nyuma hutokea zaidi siku hizo. Kwa kaya ya Rungwe yenye ng'ombe mmoja bandani, kumpoteza ni kupoteza maziwa, ada ya shule na samadi ya migomba kwa pamoja.

Matayarisho huanza siku 60 kabla ya kuzaa, mfugaji anapoacha kumkamua ili kiwele kipumzike. Ng'ombe asinenepe kupita kiasi, kwa kuwa mnene hula kidogo zaidi akishazaa. Katika wiki 3 za mwisho huzoezwa pumba na mashudu kidogo kidogo, pamoja na majani mabichi yenye vitamini E na madini yenye seleniamu. Madini yenye chokaa nyingi hungoja hadi azae. Yakitolewa mapema, mwili huzembea kutoa kalsiamu iliyo mifupani. Maji safi yawepo usiku na mchana.

Mahali pa kuzalia pawe pakavu, penye matandiko mapya, kwa sababu kinga iliyodhoofika haihimili tope na kinyesi.

Baada ya kuzaa, ng'ombe huangaliwa kila siku. Anayeyumba, mwenye masikio ya baridi au aliyelala asiweze kuinuka huenda ana homa ya maziwa, nayo huua kwa saa chache. Afisa mifugo wa kata aitwe papo hapo. Kondo lisilotoka ndani ya saa 24 lisivutwe kwa mkono, maana kizazi hujeruhiwa. Hilo nalo ni la mtaalamu.

Ndama naye huzaliwa bila kinga ya mama yake. Huipata katika dang'a, hivyo anyonye mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 6 kupita. Mama aliyetunzwa vema humwachia ndama urithi wa kwanza: afya.