SOMO: MJI MDOGO WA TRENI NA JICHO LENYE KUTAFAKARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu mwanafunzi, kutazama ni kwa aina mbili. Yuko anayetazama kitu cha ajabu, akashangaa, kisha akaenda zake. Na yuko anayetazama akajiuliza: Nani amekifanya? Amekifanyaje? Na mimi kinanifunza nini? Huyu wa pili ndiye mwenye kutafakari. Leo tutafanya mazoezi ya kutazama kwa aina hii ya pili, na tutatumia mfano wa mji mdogo wa treni.

1. MJI WENYEWE

Hamburg ni mji wa bandari kaskazini ya Ujerumani, kando ya mto Elbe. Jina lake si geni pwani yetu, kwani wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nyumba za biashara Unguja katika karne ya 19. Huko Hamburg kuna maghala ya zamani ya matofali mekundu, yaliyokuwa yakiwekwa kahawa, chai na viungo. Ndani ya maghala hayo umejengwa mfano wa reli ulio mkubwa kuliko yote duniani, uitwao Miniatur Wunderland.

Walioanzisha ni ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun. Frederik alipata wazo hilo mwaka 2000 alipoingia katika duka la treni ndogo mjini Zürich, Uswisi. Ujenzi ulianza mwishoni mwa mwaka huohuo, na Agosti 2001 watu wakaanza kuingia kutazama. Tangu hapo mji haujaacha kuongezwa.

Kila kitu kimepunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 87. Maana yake, chukua urefu wa kitu cha kweli, ugawe kwa 87. Mtu mwenye urefu wa sentimita 174 anakuwa na sentimita 2 tu. Kilomita nzima ya reli inakuwa kama mita 11 na nusu. Pamoja na udogo huo, reli zilizotandikwa humo zinazidi kilomita 15, treni zinazidi 1,000, na vijisanamu vya watu vinazidi 260,000.

Utaona humo mji wa Hamburg wenyewe, na stesheni yake kuu, bandari na majumba ya ghorofa. Utaona pia Knuffingen, mji wa kubuni usiokuwepo katika ramani yoyote. Kila baada ya robo saa hivi siku nzima hupita: mwanga hufifia, madirisha huanza kuwaka taa moja moja, usiku huingia, kisha kunapambazuka tena.

2. UNAVYOENDESHWA

Treni nyingi namna hii, mbona hazigongani? Reli imegawanywa vipande vipande. Kompyuta inajua kila kipande kama kina treni au hakina. Ikiwa treni iko mbele, ya nyuma husimamishwa mpaka njia iwe wazi.

Magari ya barabarani nayo hutembea. Kila gari lina betri ndogo ndani, na sumaku mbele inayofuata waya uliofukiwa chini ya barabara. Moto wa mfano ukitokea Knuffingen, magari ya zimamoto hutoka kituoni na kuelekea huko. Mwaka 2011 ulifunguliwa uwanja wa ndege, ambao ndege zake hukimbia njiani na kupaa. Kuujenga kulichukua takriban miaka sita.

3. MAFUNZO TUNAYOPATA

Kwanza: Hakuna mpango bila mpangaji. Mtu akikwambia kwamba mji huu ulijipanga wenyewe, reli zikajilaza na taa zikajiwasha, utamcheka. Basi vipi kuhusu ulimwengu? Katika Sura Yasin, aya ya 40, Allah (S.W.) anatueleza kwamba jua haliudiriki mwezi, wala usiku hauutangulii mchana, na kila kimoja kinakwenda katika njia yake. Treni za Hamburg zinahitaji mamia ya wafanyakazi wa kusafisha vumbi, kurudisha relini zilizotoka, na kubadilisha vilivyochakaa. Jua limechomoza leo asubuhi, na hakuna fundi aliyepanda kulitengeneza.

Pili: Itqani. Katika hadithi aliyoipokea Bayhaqi kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Allah anapenda mmoja wetu anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Wajenzi wa mji ule hupaka rangi hata dirisha ambalo mtazamaji hatalizingatia. Sisi je? Huandika herufi bila nukta tukasema "Ustadhi ataelewa." Husoma Qur'ani mbio ili tumalize juzuu, tajwidi ikapotea. Ikiwa mtu hujitahidi hivi kwa treni ya kuchezea, ni aibu sisi tuzembee katika maneno ya Mola wetu.

Tatu: Sisi tutaulizwa. Kijisanamu cha msafiri kimegandishwa kwa gundi pale stesheni. Treni huja na kuondoka, nacho kipo palepale. Hakichelewi, hakitubii, wala hakiulizwi. Wewe si hivyo. Umepewa masikio, macho na moyo, na Sura Al-Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa vyote hivyo vitaulizwa. Adhana ikiadhiniwa nawe umekaa tu ukitazama, umejifananisha na kile cha gundi.

4. TANBIHI

Huenda mwanafunzi akapenda kujenga mji wake kwa maboksi na vijiti. Ni jambo zuri, hufunza hesabu na subira. Wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere wa watoto, kutokana na hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), lakini sanamu nyinginezo za viumbe wenye roho zina makatazo. Basi jenga nyumba, miti, madaraja na magari, na hapo umesalimika. Wala mchezo usikupitishie wakati wa sala.

MASWALI

1. Mnara wa msikiti una urefu wa mita 26.1. Katika kipimo cha 1 kwa 87 utakuwa na sentimita ngapi?
2. Kwa nini treni za mji mdogo hazigongani?
3. Taja kazi moja uliyoifanya wiki hii bila ukamilifu. Utaitengenezaje?

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie macho yenye kuzingatia na mikono yenye kufanya kazi kwa ukamilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.