Kuchagua Nako Hufundishwa

Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano nchini Tanzania ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Wazazi wengi, kwa mapenzi, humchagulia mtoto. Lakini sisi twauliza: atakapokuwa peke yake, ni nani atakayemchagulia rafiki, kazi, au mchumba?

Yafaa basi azoezwe mapema. Mpeni tetea mmoja. Aamue mwenyewe kuuza mayai au kuyaacha yaanguliwe. Wakati wa kuchagua masomo, msimpe jibu, bali mwulizeni: Njia ni ngapi? Kila moja yadai nini, nayo yafika wapi? Nani amekwisha kuipita, tumwulize? Kisha aamue, naye ayapokee matokeo.

Akikosea, msimcheke. Afadhali akosee leo angali mikononi mwenu, kuliko kesho akiwa mbali nanyi.