Kutambua Mzio wa Chakula kwa Mbwa na Paka

Mbwa anayejikuna mwaka mzima, akajiramba nyayo hata manyoya yakabadilika rangi, na ambaye masikio yake hayaishi kuuma na kunuka, aghalabu hupigwa sindano ya kutuliza mwasho. Hupata nafuu siku kadhaa, kisha huanza upya. Miongoni mwa wanyama wa namna hii wamo ambao chanzo cha taabu yao ni chakula chao wenyewe. Kuwatambua hakuhitaji maabara, bali huhitaji subira na utaratibu wa jaribio la kisayansi. Kwa hiyo mada hii yafaa katika somo la biolojia.

Mzio si sumu, wala si dalili ya chakula kibovu. Ni kosa la mfumo wa kinga ya mwili, ambao huipokea protini ya kawaida, kama ile ya nyama au ya maziwa, kana kwamba ni kijidudu cha maradhi. Mwenye mbwa husema, “Amekula chakula hiki miaka mitatu bila dhara!” Kauli hiyo haikanushi mzio, kinga haiwezi kukichukia kitu isichopata kukutana nacho. Tutofautishe pia mzio na upungufu wa kimeng’enya: mbwa anayeharisha kwa sababu hawezi kumeng’enya sukari ya maziwa hana mzio.

Ni protini zipi zinazohusika zaidi? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, yakihusu mbwa 297, yalionyesha nyama ya ng’ombe katika asilimia 34 ya mbwa hao, maziwa na mazao yake asilimia 17, kuku asilimia 15 na ngano asilimia 13. Kwa paka, ng’ombe na samaki ndio waliotangulia. Takwimu hizi zisisomwe kama orodha ya vyakula vibaya. Mnyama hupata mzio wa kile anachokula, na mbwa aliyelelewa kwa ugali na dagaa ana historia yake mwenyewe, ambayo hapana budi iandikwe kabla ya jambo lolote.

Vipimo vya damu, mate na nywele vinavyouzwa kwa kazi hii havitegemeki. Vingine vimewahi kuwaonyesha hata mbwa wazima kuwa na mzio. Njia iliyobaki ni mlo wa majaribio.

Kwanza daktari wa mifugo awaondoe washukiwa wengine: viroboto, utitiri wa upele, na maambukizo ya ngozi. Kisha mnyama apewe protini moja ambayo hajapata kuila, pamoja na wanga mmoja, kwa mfano nyama ya sungura na viazi vitamu. Mbuzi si chaguo zuri kwa mbwa aliyezoea ng’ombe, kwa kuwa protini za wanyama hawa wawili zafanana, na kinga yaweza kuzichanganya. Upo pia mlo wa viwandani ambao protini zake zimekatwa vipande vidogo mno visivyotambulika na kinga. Ni mzuri, ila bei yake ni kubwa.

Mlo huu huendelea kwa wiki 8. Mapitio ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mbwa na paka wenye mzio wa chakula walipata nafuu ndani ya muda huo. Anayekata tamaa katika wiki ya 3 atakuwa amewaacha wengi bila jibu. Na hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika: mtoto hudondosha kipande cha mkate, jirani hutupa mfupa, paka hukamata panya, au dawa ya minyoo huwa imetiwa ladha ya nyama. Chakula kipikwe bila vitunguu, kwani ni sumu kwa mbwa na paka. Paka asishindishwe njaa ili aukubali mlo mpya, maana kukaa siku kadhaa bila kula kwaweza kuliharibu ini lake. Mlo wa namna hii haukamiliki kwa virutubisho. Mtoto wa mbwa anayekua asipewe bila ushauri wa daktari.

Mwasho ukiisha, wengi husherehekea na kufunga daftari. Lakini nafuu peke yake haijathibitisha kitu. Yapasa chakula cha zamani kirudishwe. Mwasho ukirejea, mara nyingi ndani ya siku 14, na ukatoweka tena mlo wa majaribio urudiwapo, hapo ndipo twaweza kusema kwamba mnyama ana mzio wa chakula. Baadaye protini za zamani hujaribiwa moja moja, kila moja kwa wiki mbili hivi, na ile inayoleta mwasho huondolewa maisha yote. Zilizobaki zaweza kuliwa, na gharama ya kumlisha mnyama hupungua.

Zoezi: Mbwa alilishwa sungura na viazi vitamu kwa wiki 8. Katika wiki ya 3 mwenyewe alimtia dawa ya viroboto. Kufikia wiki ya 6 mwasho ulikuwa umekwisha, naye akatangaza kwamba mbwa ana mzio wa nyama ya ng’ombe. Toa maelezo mawili tofauti ya kupona huko. Kisha eleza hatua inayofuata, na utaje matokeo ambayo yangeikanusha kauli ya mwenye mbwa.